Makete Yetu ya Vita vya Kasongo

Tangu siku ya wazazi watu hawaachi kutuuliza habari ya ile makete iliyo juu ya meza katika chumba cha vitabu: nani aliifanya, rangi zilitoka wapi, na kwa nini nyuma ya nyumba kubwa kuna watu wadogo waliokaa chini bila bunduki. Wadogo wetu wa darasa la saba wanauliza kama wanaweza kuigusa. Hapana, msiiguse, shingo za wale askari ni nyembamba. Lakini habari yake tutaieleza yote, hata pale ambapo haitupendezi sisi wenyewe.

Mwezi wa kumi mwalimu wa historia alitufundisha vita vya mwaka 1892 mpaka 1894, vita vya Waarabu na Waungwana kwa upande mmoja, na dola ya mfalme Leopold, ile ambayo wazee waliiita Bula Matari, kwa upande wa pili. Jina la vita tulilijua. Mambo yenyewe hatukuyajua. Kila siku tunakanyaga udongo huu tukidhani kwamba historia iko Ulaya, katika kitabu. Mwalimu akasema: "Kasongo hii mnamokaa si ile Kasongo ya Tippu Tip. Ile ilikuwa Tongoni." Tongoni! Pale ambapo wengine wetu wana mashamba ya shangazi zao. Kwetu tongo ni mahali ambapo watu walikaa wakahama, na hata siku moja hatukujiuliza ni nani waliohama.

Kiisha akatoa simu yake, akatuonyesha picha. Tuliona askari wadogo wa madini, urefu wao milimita 28, yaani kama pingili ya juu ya kidole gumba. Wengine walivaa kanzu na vilemba, wengine kofia nyekundu na nguo za buluu. Chini ya miguu ya kila mmoja kulikuwa na kipande cha nchi: mchanga, jiwe dogo, nyasi mbili tatu. Mwalimu alisema askari hao walichongwa na Mwingereza Mark Copplestone kwa kampuni iitwayo Foundry, na kwamba huko Ulaya watu wazima, wenye ndevu na watoto, wanawanunua, wanawapaka rangi kwa burashi nyembamba, halafu wanawapigisha vita juu ya meza. Si mchezo wa jana. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kizima cha sheria zake, kinaitwa Little Wars.

Tulicheka. Kiisha mwenzetu mmoja akauliza:

"Mwalimu, wale wazungu wanacheza vita yetu?"

"Wanaicheza."

"Na nani anashinda?"

"Inategemea dadu."

Hapo tulinyamaza. Mtu aliye mbali, ambaye hajaona hata mara moja vumbi la Kasongo, anajua rangi ya mshipi wa babu zetu, na sisi hatuijui. Ndipo tulipoamua, wafinalisti sita, kutengeneza vita ile kwa mikono yetu kwa ajili ya siku ya wazazi.

Tulidhani kazi kubwa itakuwa askari, lakini nchi wanayosimama juu yake ndiyo iliyotutesa kwanza. Tulipata ubao wa tripleksi, mita moja kwa sentimita 80. Wengine walitaka Lualaba ipite katikati, maana mto unapendeza macho. Mwalimu alikataa. Alisema kwa kipimo chetu mto ungekuwa nje ya mlango, tusilete maji mahali ambapo hayakuwa. Basi siku ya Posho tulikwenda Tongoni kwa baiskeli kutazama nchi inavyolala. Mwaka 2020 gazeti la Kiingereza liitwalo Antiquity lilitoa habari za watafiti, Wakongomani na wageni, waliochimba pale na kuwauliza wazee. Sisi hatukuchimba kitu. Tulijaza mfuko mmoja wa udongo, tukarudi.

Vilima tulivifanya kwa karatasi za madaftari ya zamani. Unazilowesha usiku mzima, unazikanda na gundi ya muhogo, unazikalisha juu ya ubao mpaka zikauke. Juu yake unapaka gundi tena, kiisha unanyunyiza udongo uliochungwa kwa kitambaa. Mara ya kwanza tulikuwa na haraka, tukaweka udongo mzito kama ukuta wa nyumba. Asubuhi nchi yote ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mzee. Mara ya pili ilishika vizuri, lakini panya waliingia usiku wakala kilima kizima, maana muhogo ni muhogo. Mara ya tatu tulisaga pilipili ndani ya gundi. Panya hawakurudi, ila aliyeisaga akajipangusa macho, na ile siku hakufika kwenye hesabu. Nyasi tulizifanya kwa majani ya sombe yaliyokauka. Yalikuwa kijani kibichi siku tatu tu, kiisha yakageuka rangi ya kiangazi. Tukayaacha hivyo.

Sasa askari. Hapa tunapashwa kurudi nyuma kidogo.

Katika mwezi uleule wa kumi, saa ya masomo ya mangaribi, tulimkuta mtoto wa darasa la saba ameinama chini ya meza yake. Daftari lilikuwa limefungwa. Juu ya kiti kulikuwa na watu wadogo wa udongo, kumi na mmoja, kila mmoja juu ya kizibo cha chupa.

"Uko unafanya nini?"

"Sifanye kitu, yaya."

Tuliwachukua wote tukawaweka sakafuni, tukawakanyaga mmoja mmoja, darasa lote likitazama. Siku ya Posho tukampa kufyeka nyasi nyuma ya vyoo. Sheria ni sheria, na kapita asiyeshika sheria wadogo wanamcheka. Ile usiku tulilala vizuri. Tunaandika "sisi" maana tulikuwa sita katika kazi ya makete, na mazoea ya gazeti hili ni hayo. Lakini mguu uliokanyaga ulikuwa mmoja, nao ni wa kapita wa shule, yule anayeandika maneno haya.

Basi, tulipoanza kufinyanga askari wetu, mikono yao ilianguka. Tukairudisha kwa gundi, ikaanguka tena. Vichwa vilikuwa vikubwa kama mabungo. Rangi ya buluu tuliyoipata kwa bluu ya kufulia iliteremka ikajaa miguuni. Mwalimu alipita, akamwinua mmoja, akauliza: "Huyu ni Mwungwana ao ni muhogo?" Wote tulijua jina gani litasemwa, na hakuna aliyetaka kulisema kwanza.

Tulimkuta yule mtoto kwenye pompi ya maji. Alipotuona aliweka bidoni chini, akasimama mikono nyuma, kama mtu anayengoja adhabu ya pili. Tulimwambia: "Mdogo wetu, tuko na shida, tunaomba msaada." Alitazama kama kuna wengine wanaocheka nyuma yetu. Kiisha akasema: "Nimalize kwanza kuchota." Tukamngoja. Katika miaka yote ya shule hatukuwahi kumngoja mtoto wa darasa la saba.

Aliyotufundisha tunayaandika hapa ili yasipotee. Udongo si wa popote. Unachukua ule wa chini ya kijito, pale wanapochota mama wafinyanzi, unatoa kila kijiwe, unachanganya na mchanga mwembamba kidogo ili usipasuke. Miguu usiigawe, ifanye kitu kimoja kama mti, kiisha piga mstari katikati kwa ncha ya mwiba, macho yatagawa yenyewe. Mkono uambatane na kifua. Bunduki ni chelewa ya fagio, nayo inatiwa mwisho kabisa. Askari anakauka kivulini siku nne, kisha analala usiku mmoja ndani ya majivu ya moto ya jikoni. Mama mpishi wa internati alitukubalia, naye akapata kazi ya kutuhesabia kila asubuhi wangapi wamepasuka.

Kwa rangi, wa kwanza wote wanapakwa pemba, ule udongo mweupe, hata kama watakuwa weusi baadaye, sababu rangi haionekani juu ya udongo mtupu. Kiisha nguo. Nyekundu ilitoka kwa unga wa nkula, buluu kwa bluu ya kufulia yenye gundi nzito, nyeusi kwa makaa. Burashi ni manywele ya mbuzi ndani ya unyoya wa kuku. Nguo ikikauka, unamwosha askari mzima kwa maji ya makaa, unampangusa mara moja. Maji yanabaki katika mikunjo, na ghafla kanzu ina mikunjo! Mwisho unachukua burashi karibu kavu, yenye pemba kidogo sana, unaipitisha juu ya pua, mabega na magoti, kama jua linavyoyagusa. Tulimwuliza nani alimfundisha. Alisema hakuna mtu. Mwalimu alitafuta katika simu, akakuta wale wenye ndevu wa Ulaya wanafanya vilevile, hatua kwa hatua, kwa rangi za kununua.

Vizibo vya chupa hamsini si kitu rahisi kupata katika shule ya Kiprotestanti. Vya Fanta vilikuwa 14. Vile vingine mwenzetu alivileta mfukoni kutoka sokoni, nasi hatukuuliza. Bwana Prefe alipokuja kutazama, aligeuza askari mmoja, akasoma chini yake, akakohoa, akamrudisha mahali pake. Siku ileile tulipaka vizibo vyote rangi nyeusi.

Tulichagua tarehe 22 Aprili 1893. Tippu Tip mwenyewe hakuwako, alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar, na mwanawe Sefu alishika mji. Nyangwe ilikuwa imekwisha kuanguka tarehe 4 Machi. Kutoka huko alikuja Dhanis na askari wa dola, pamoja na watu wa Gongo Lutete, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa bado anapigana kwa upande wa Waarabu. Mji ulianguka siku hiyo hiyo. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa pamoja na Dhanis, aliandika katika kitabu chake cha 1897 kwamba mji huu ulikuwa mzuri kuliko Nyangwe, na kwamba ndani ya nyumba walikuta sukari, mishumaa na vikombe vya kioo. Tulifanya nyumba kubwa yenye baraza na mlango wa nakshi, askari 25 wenye kofia nyekundu na bendera ya buluu yenye nyota ya manjano, na watu 25 wa Kasongo wenye bendera nyekundu ya Sultani. Bendera tulizipaka verni ya kucha, dada wa mmoja wetu akaja kudai chupa yake.

Juma moja kabla ya siku ya wazazi kila kitu kilikuwa tayari. Tulisimama tukitazama, tukijisifu kidogo. Ndipo yule mtoto akauliza:

"Yaya, na wale waliofungwa wako wapi?"

"Nani waliofungwa?"

"Watu. Babu wa babu yangu alitoka Kabambare na kamba shingoni. Alipita hapa."

Mwenzetu mmoja ni mtoto wa Waungwana, nyumba yao inajulikana, naye ni rafiki yetu tangu darasa la kwanza. Alisema: "Sasa mtaleta maneno. Babu yangu anasema ndio walioleta mchele, na kanzu, na hiki Kiswahili munachosema. Siku ya wazazi atakuja, munataka nimwonyeshe kamba?" Mwingine akajibu kwamba wa kwake alifungwa, halafu wazungu wakamfungua, halafu wakampa bunduki wakamwambia aende kupigana, na hakuulizwa kama anataka. Sauti zilipanda. Mtoto alikuwa anatazama vidole vyake.

Mwalimu hakutusaidia kuamua. Alitusomea tu. Alisoma habari ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa misafara walipiga bunduki katikati ya wanawake wanaouza, na Livingstone akiona kwa macho yake. Alisema wanasimulia kwamba Gongo Lutete mwenyewe alikuwa mtumwa utotoni, na kwamba wale wazungu aliowasaidia ndio waliomwua kwa risasi Septemba 1893. Alisema dola ya Leopold iliwafanya wengi wa wale iliowafungua kuwa askari kwa nguvu, na baada ya Waarabu kuondoka kamba haikuondoka, ilibadilisha mwenyewe. Alisema pia kwamba Lippens na De Bruyne, Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo Desemba 1892, wana sanamu yao katika mji wa Blankenberge, Ubelgiji. Kiisha akafunga daftari akatoka, akatuacha mule ndani.

Sisi kama kapita tulipashwa kusema neno, na tulisema: "Hakuna nafasi." Haikuwa kweli. Nyuma ya nyumba kubwa palikuwa na nafasi ya viganja viwili. Tuliogopa wazazi, tuliogopa rafiki yetu, tuliogopa fujo juma moja kabla ya sikukuu. Mtoto alisema "Ndiyo, yaya," kwa sauti ileile ya mwezi wa kumi.

Sauti hiyo ndiyo iliyotukosesha usingizi. Asubuhi tulikwenda kwa rafiki yetu kabla ya kengele. Alikuwa amekwisha kuamka, na tulikuta ameanza kusokota nyuzi za mavuno, nyembamba sana. Alisema: "Tukiweka kamba, tuweke pande zote mbili. Hata wale wanaobeba masanduku ya Dhanis." Tulikubali mara moja. Tulisema hatukuwa tumefikiri hivyo, na kweli hatukuwa.

Mtoto alifinyanga kumi, rafiki yetu watano. Wa rafiki yetu si wazuri, ukitazama utawajua, vichwa vikubwa. Wengine wamekaa, mmoja mwanamke ana mtoto mgongoni, wanne wanabeba masanduku nyuma ya askari wa dola. Hawakupata vizibo, maana vizibo vilikuwa vimekwisha. Tuliwaweka juu ya udongo wenyewe.

Siku ya wazazi yule babu alikuja na bakora yake na kofia yake nyeupe. Tulisimama karibu na ukuta. Alizunguka meza mara mbili. Alisema kilemba cha Sefu kimefungwa vibaya, akatoa kitambaa chake mfukoni, akatuonyesha mbele ya watu wote namna ya kukizungusha. Kiisha alifika nyuma ya nyumba kubwa, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Mjukuu wake alikuwa anatazama dari.

"Udongo huu mulitoa wapi?"

"Tongoni, babu."

"Basi wako kwao," alisema, akaomba kiti.

Wengine walipita bila kuwaona. Baba mmoja alisema watu waliofungwa wanaharibu uzuri wa makete, akatushauri tuwatoe kabla ya kupiga picha. Picha ilipigwa nao.

Limebaki neno moja. Wafinalisti tunaondoka baada ya mtihani wa Serikali, na hatukutaka kuondoka na deni. Tulimwita yule mtoto, tukamwomba atutengenezee tena wale askari kumi na mmoja tuliowakanyaga, tena tukamletea vizibo, vya Fanta vyote. Alishangaa.

"Askari gani, yaya?"

"Wale wa masomo ya mangaribi."

"Hawakuwa askari. Ilikuwa Maniema Union."

Timu ya mpira. Kumi na mmoja! Tulikuwa tumewahesabu kwa mguu, mmoja baada ya mwingine, na hatukuwatazama hata mmoja. Mpaka tunapoandika haya amefikisha saba, wanakauka kivulini jikoni kwa mama mpishi. Golikipa bado. Anasema wa kwanza alikuwa ameruka, mikono juu, na hakumbuki alifanya namna gani asianguke.